Macau: Mizinga, Rehani na Kuku wa Kiafrika

Ukishuka boti itokayo Hong Kong, safari ya kama saa moja, mabasi ndiyo yanayokulaki Macau. Yamejipanga nje ya gati, safi, yana viyoyozi, wala hayatozi nauli. Kila kasino kubwa ina ya kwake, na vijana waliovaa sare wanakuelekeza kwa adabu upande wa basi lao. Basi la mjini, la kulipia, linasimama kando, lina foleni fupi ya akina mama na vikapu vyao vya sokoni. Nilipanda hilo, maana nilikuja kutazama makumbusho.

Macau ni mji mdogo. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 33 hivi, na wakaazi wake hawafiki laki saba. Lakini mwaka 2006 mapato yake ya kamari yaliipita Las Vegas, na mwaka 2013 kasino zake ziliingiza zaidi ya dola bilioni 45 za Marekani. Kodi ya kasino ndiyo inayoiweka serikali mjini. Tangu 2008 wakaazi hugawiwa fedha taslimu kila mwaka, na katika miaka ya karibuni mkaazi wa kudumu amekuwa akipata pataca 10,000. Na serikali hiyohiyo inayokula kodi ya kamari imewapiga marufuku watumishi wake kukanyaga kasino, isipokuwa siku tatu za mwanzo za Mwaka Mpya wa Kichina. Sijasoma maelezo ya kamari yaliyo wazi kuliko sheria hiyo.

Mji mkongwe uko kwenye rasi, na njia ya kuuingia ni uwanja wa Senado, uliotandikwa vijiwe vyeusi na vyeupe kwa mtindo wa mawimbi, kama wafanyavyo Wareno kwao. Kutoka hapo umati wenyewe unakusukuma. Vichochoro vimejaa maduka ya biskuti za lozi na nyama iliyokaushwa, wauzaji wanakukatia vipande vya kuonja, na unapanda, unapanda, hadi ngazi pana za mawe zinafunguka mbele yako na juu yake limesimama kanisa la Mtakatifu Paulo. Nasema kanisa, lakini ni ukuta wa mbele tu. Wajesuiti walilijenga kuanzia 1602, mafundi wakiwemo Wakristo wa Kijapani waliokimbia mateso kwao, na 1835 moto ukalila lote ukaacha uso huu wa mawe.

Wengi hupiga picha wakashuka. Ukipata nafasi, simama uusome ukuta, kwa sababu umechongwa usomwe. Juu ya joka lenye vichwa saba amesimama mwanamke akilikanyaga, na maelezo yake yameandikwa kwa herufi za Kichina. Upande mwingine kuna merikebu ya Kireno imetweka matanga. Pembeni kuna kiunzi cha mifupa ya binadamu, nacho kina maneno yake ya Kichina yanayomwonya mpita njia akumbuke kifo ili asitende dhambi. Maua ya Asia yamechongwa bega kwa bega na malaika wa Ulaya. Mafundi waliofanya kazi hii hawakulazimishwa kuchagua dunia moja, na hilo linaonekana katika kila safu ya jiwe.

Mkono wa kulia wa ukuta huo kuna kilima, na juu ya kilima kuna ngome ya Monte. Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote mjini.

Mtu aliyezoea kupita Fort Jesus kule Mombasa hahitaji kuelezwa ngome ya Wareno ikoje. Pembe zile zilizochomoza ili mizinga ya upande mmoja ilinde upande wa pili, mteremko wa kuta, uwanda wa juu wenye upepo. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, Monte 1617. Tofauti iko kwenye vifaa vya ujenzi. Ya Mombasa imekatwa kwenye mwamba wa matumbawe. Ya Macau imeshindiliwa kwa udongo, majani makavu, chokaa na makombe ya chaza. Nilipopitisha kiganja ukutani nilihisi vipande vya makombe vikikwaruza. Mji wa Mombasa na mji wa Macau, kwa miaka mia moja hivi, ilikuwa chini ya serikali moja ya Kireno iliyokaa Goa, India. Meli zake zilingoja pepo zilezile tunazoziita kusi na kaskazi. Mtu, bunduki, pipa la mvinyo au barua ingeweza kutoka huku ikafika kule bila kutoka mikononi mwa Wareno.

Na watu walifika kweli, wengi wao bila hiari. Wareno walisafirisha watumwa kutoka pwani yetu ya Afrika, hasa Msumbiji, wakawauza Goa, na baadhi wakaishia Macau wakibeba mizigo, wakilinda nyumba, wakitembea nyuma ya mabwana zao na miavuli. Tarehe 24 Juni 1622, sikukuu ya Mtakatifu Yohane Mbatizaji, Waholanzi wapatao 800 walishuka ufukweni kuuteka mji huu. Walichagua wakati mzuri, kwani Wareno wengi wenye nguvu walikuwa wamekwenda Canton kununua hariri. Monte ilikuwa bado haijakamilika. Padri mmoja Mjesuiti, Giacomo Rho, aliyekuwa mwanahisabati, akaelekeza mzinga kutoka kwenye ngome hii, na kombora likapiga pipa la baruti katikati ya Waholanzi. Kikosi kikatetereka. Ndipo waliobaki mjini wakawashukia, na wengi wa waliowashukia walikuwa watumwa Waafrika.

Habari hizi zimehifadhiwa na Wareno wenyewe na pia na adui zao. Jan Pieterszoon Coen, gavana wa Waholanzi kule Batavia, Jakarta ya leo, aliandika kwa uchungu kwamba waliowashinda watu wake Macau ni watumwa wa Wareno. Kumbukumbu za Kireno zinamtaja mwanamke Mwafrika aliyeingia vitani na mkuki wenye shoka, akaua, mpaka wakamlinganisha na mashujaa wa kike wa hadithi za kwao. Jina lake hazikuliandika. Baada ya ushindi mabwana kadhaa waliwapa watumwa wao uhuru palepale uwanjani, na afisa wa Kichina kutoka Canton akatuma mchele wagawiwe watumwa waliopigana.

Nilisimama kwenye mzinga mmoja wa ukuta wa kusini nikiyafikiria hayo. Mdomo wa mzinga ule, ukiufuata kwa jicho, unaelekea moja kwa moja kwenye Grand Lisboa, jengo la dhahabu lenye urefu wa mita 260 hivi lililosanifiwa mfano wa ua la yungiyungi, kasino iliyo maarufu kuliko zote upande huu wa mji. Watalii wanapanga foleni kupiga picha hiyo, mzinga mbele na kasino nyuma. Ni picha nzuri. Lakini kama Waholanzi wangeuteka mji siku ile, historia ya Macau ingekwenda njia nyingine kabisa, na hakuna ajuaye kama lingekuwepo jengo hilo la kupigwa picha. Watu wa pwani yetu wana haki ya kulitazama wakijua hivyo. Katika shule zetu tunafundishwa Wareno walitufanyia nini Kilwa na Mombasa. Sikumbuki tukifundishwa wenzetu waliwafanyia nini Waholanzi Macau.

Chini ya uwanda wa ngome yamejengwa Makumbusho ya Macau, yaliyofunguliwa 1998, mwaka mmoja kabla Wareno hawajaukabidhi mji kwa China. Ukumbi wa kwanza unaweka ustaarabu wa China na wa Ulaya ukutani, huu unatazamana na huu. Sikukaa sana. Ghorofa ya mila ndiyo iliyonishika: milango ya nyumba, sauti za wachuuzi wa mitaani zilizorekodiwa, vyombo vya harusi. Na kwenye kabati moja, vifaa vya mapigano ya nyenje. Wadudu wale wafugwao kwenye vyungu vidogo, wakalishwa kwa uangalifu, wakapimwa uzito, kisha wakapiganishwa huku watu wakiweka dau. Bingwa akifa alizikwa kwa heshima; kuna kijeneza chake humo, kidogo cha kutosha kukaa kiganjani. Nilikitazama sana kijeneza kile. Kabla ya mashine zenye taa, kabla ya kampuni za kasino za Marekani, kulikuwa na mtu Macau aliyempenda mdudu kiasi cha kumchongea jeneza, kwa sababu mdudu huyo alimtia fedha mkononi.

Kamari ilipata leseni hapa katikati ya karne ya 19. Waingereza walikuwa wamechukua Hong Kong, bandari yake yenye kina kirefu ikavuta meli zote, na Macau ikabaki na bandari iliyojaa matope na hazina isiyo na kitu. Serikali ikauza haki ya kuchezesha kamari ili ipate kodi. Waliozinunua walitajirika. Ukitaka kuona utajiri huo, nenda nyumba ya Lou Kau, karibu na kanisa kuu, iliyojengwa 1889 na mmoja wao. Ni nyumba ya matofali ya kijivu yenye nyua ndogo ndani za kupitisha mwanga, nakshi za mbao, vioo vya rangi, na madirisha yaliyowekwa makombe ya chaza badala ya kioo. Inapendeza mno, na kwa dakika ishirini umeimaliza.

Duka la rehani sikulimaliza hata kwa saa nzima.

Liko kwenye barabara kuu ya mji wa kale, Avenida de Almeida Ribeiro, jina lake Tak Seng On. Lilifunguliwa 1917, likafungwa 1993, na tangu 2003 ni makumbusho. Mwanzilishi wake, Kou Ho Neng, ndiye huyohuyo ambaye 1937, pamoja na mshirika wake Fu Tak Iong, alipata haki ya kuendesha kamari ya mji mzima na kuishika hadi 1962. Nyumba ya kuchezea ikawa yake na nyumba ya kuwekea rehani ikawa yake. Aliyepoteza kule alikuja kukopa huku, na mara nyingi alichokikopa huku alikirudisha kule.

Jengo lenyewe linaeleza biashara. Ukiingia mlangoni, kitu cha kwanza ni kiambaza cha mbao kirefu kuliko mtu, kimesimama palepale penye kizingiti. Kazi yake ni kumficha mteja. Mpita njia asione nani ameingia kuweka saa ya babake. Ukikizunguka unakutana na kaunta, nayo imeinuliwa juu sana. Mimi si mfupi, lakini ukingo wake ulinifika kidevuni. Karani alikaa kule juu. Mteja alilazimika kunyoosha mkono juu ya kichwa chake kukabidhi mali, na akatazama juu kungoja bei. Mwenye duka alitaka usalama, bila shaka, mezani palikuwa na fedha. Lakini fundi aliyepima urefu ule alijua pia mtu aliyenyoosha mkono juu hana ubavu wa kubishana.

Nyuma ya kioo zimewekwa stakabadhi. Makarani wa rehani waliandika kwa mwandiko wa haraka wa kukatakata, ambao wao tu waliweza kuusoma, na ilikuwa desturi kukiita kitu kizuri kibovu: koti zima likaandikwa limechakaa, ili mteja akija kulikomboa asidai lilikuwa jipya. Hapo hapo pana daftari, mizani na mihuri. Ukipita nyuma unaliona ghala, mnara mrefu mwembamba, kuta nene, msingi wa jiwe gumu, vidirisha vyembamba kama mianya ya kupenyeza bunduki. Lilijengwa lizuie moto, maji na wezi. Humo zilipangwa nguo, mablanketi, vito, vyombo, kila kifurushi na namba yake. Nguo za baridi ziliwekwa joto likianza na kukombolewa baridi ikirudi, kwa aliyeweza.

Nilikuwa karibu peke yangu. Mlinzi, mama wa makamo, alinifuata akanionyesha kwa ishara nisogee pale kwenye kaunta na kunyoosha mkono. Nikanyoosha. Akacheka, kisha akajionyesha mwenyewe na kusema kwa Kiingereza cha kuchagua maneno kwamba mama yake mzazi alikuwa akija hapa, na bangili. Nikamuuliza kama bangili ilirudi. Akasema mara nyingi ilirudi.

Kwa maoni yangu haya ndiyo makumbusho bora ya Macau, na naitamka kauli hiyo nikijua kuna kumbi za sanaa za kifahari ndani ya hoteli za kasino, na maonyesho makubwa ambayo serikali imezitaka kampuni hizo ziyagharimie. Kumbi hizo zina vitu vya thamani. Ila katika mji unaoishi kwa bahati, ni hapa tu nilipoonyeshwa mahali aliposimama mtu aliyekosa bahati, na nikawekwa mimi mwenyewe mahali pake.

Tena biashara yenyewe haijafa. Tembea dakika kumi kuelekea Casino Lisboa ya 1970, utaona alama ileile ya zamani, mfano wa popo aliyeng'ata sarafu, sasa inawaka taa nyekundu na kijani juu ya maduka yaliyopangana. Madirisha yamejaa saa za Uswisi, mikufu, pete za ndoa. Mengi ya maduka hayo hayafungi usiku. Kiambaza cha kumficha mteja hakipo tena. Vioo ni vikubwa na taa ni kali.

Mchana wa siku nyingine nilikwenda upande wa Barra, kwenye nyumba ya Zheng Guanying, mfanyabiashara na mwandishi aliyeionya China katika miaka ya 1890 kwamba isipobadilika itamezwa. Nyumba ilijengwa na familia yake 1869, ina zaidi ya vyumba 60, na kabla serikali haijaichukua na kuikarabati ilikuwa imepangishwa vyumba vyumba, wapangaji kwa mamia. Ilifunguliwa kwa umma 2010. Ua wake mrefu una kivuli na utulivu, na sauti ya mji inakatika mlangoni. Mtu mwenye nusu siku tu akose mengine, asiikose hii na duka la rehani.

Kisha Taipa, ng'ambo ya daraja. Huko kuna nyumba tano za kijani kibichi zenye varanda, zilizojengwa 1921 kwa ajili ya maafisa wa Kireno, zote zikitazama bahari. Zimekuwa makumbusho: kitanda cha chandarua, meza ya chakula, gramafoni. Nilikaa varandani kama walivyokaa maafisa wale, nikatazama mbele. Bahari haipo. Iliyokuwa bahari ni bwawa lenye maua ya majini, na nyuma ya bwawa ni Cotai, ardhi iliyofukiwa kati ya visiwa viwili, na juu yake Venetian, iliyofunguliwa 2007, yenye mifereji ya ndani na mitumbwi ya Venice chini ya anga lililopakwa rangi. Jirani yake kuna Mnara wa Eiffel wa nusu kimo. Watu wanaofurika humo ni wengi mara nyingi kuliko waliokuwa nami varandani, na wengi wamesafiri kutoka mbali kama mimi. Nilitamani japo mmoja katika kila mia moja avuke lile bwawa. Ni mwendo wa dakika chache, na vya upande huu ni vya kweli.

Jioni nilikula kwenye kijiji cha Taipa, katika mkahawa wa meza chache, na niliagiza chakula nilichokuwa nimekisikia tangu Hong Kong: kuku wa Kiafrika. Wenyeji husimulia kwamba kilibuniwa na mpishi wa hoteli moja ya hapa katika miaka ya 1940. Anachomwa, kisha anamwagiwa mchuzi mzito wa nazi, karanga, kitunguu saumu na pilipili. Tonge la kwanza tu nilijua niko wapi: ni kuku wa kupaka aliyekutana na karanga njiani. Mapishi hayo ya nazi na pilipili yana alama za njia ya Wareno ya Msumbiji, Goa na Malaka. Na Msumbiji haikutuma viungo peke yake. Wakomunisti waliposhika China mwaka 1949, Wareno waliokuwa na hofu walileta hapa askari Waafrika kutoka Msumbiji kuilinda mipaka ya mji, kama vile 1622 ulivyolindwa na Waafrika.

Kijana aliyenihudumia, Mfilipino, aliniuliza mbona nakula haraka hivyo. Nikamwambia nyumbani kwetu kuku huyu yupo, tunamla na wali. Akauliza nyumbani ni wapi, na kama Wareno walifika huko pia. Nikatoa simu nikamwonyesha picha ya Fort Jesus iliyopigwa kutoka baharini. Akaitazama, akasema hii ni Monte. Nikamwambia hapana, hii ni Mombasa. Akaichukua simu, akaingia nayo jikoni kumwonyesha mpishi, na mpishi, bibi wa Kimakau mwenye miwani, akatoka na mwiko mkononi kuniuliza nazi ya kwetu tunaikuna kwa kitu gani.